Shadow, V-Star, Boulevard, Vulcan: kruza zinazofanana zinatofautiana wapi?

Pikipiki za Honda Shadow RS na Honda Shadow Phantom ziliingia sokoni Marekani zikiwa toleo la mwaka uleule, 2010. Jina la ukoo ni moja, injini ni ileile ya silinda mbili za V yenye cc 745, na kwenye picha ndogo ya tangazo unaweza kudhani zimepishana rangi tu. Sasa chuchumaa nyuma ya kila moja. RS inazungushwa na mnyororo, Phantom inazungushwa na shafti, yaani mhimili wa chuma. Tangi la RS linabeba lita 10 na ushee, la Phantom lita 14. Kiti cha RS kiko karibu sentimita 75 kutoka chini, cha Phantom hakifiki 66. Mfupi aliyenunua RS kwa kuwa rafiki yake alimsifia "Shadow" atasimama kwenye taa akigusa lami kwa ncha za vidole, na akisafiri ataanza kutafuta kituo cha mafuta kabla hajamaliza kilomita 180.

Ndivyo zilivyo kruza za Kijapani za daraja la kati, zile za cc 650 hadi 900 ambazo zimejaa kwenye soko la mitumba la Marekani: Honda Shadow 750, Yamaha V-Star 650, Suzuki Boulevard C50 na Kawasaki Vulcan 900. Zote zina kiti cha chini, usukani uliorudi kwa dereva, tangi lenye umbo la tone na injini ya V. Zote zinamwigiza Harley-Davidson wa Marekani, basi si ajabu zikafanana zenyewe kwa zenyewe. Muuzaji atakutajia cc na rangi. Kitakachokula fedha zako baadaye ni kinachozungusha gurudumu la nyuma, kinachopeleka petroli kwenye injini, gurudumu la mbele na mkao wako juu yake, halafu hali ya pikipiki yenyewe iliyoegeshwa mbele yako. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja.

Majina kwanza, maana yanachanganya

Yamaha ndiyo rahisi kueleweka. Pikipiki inayoitwa V-Star 650 Marekani inaitwa Drag Star 650 kwingineko, na jina lake la kiwandani ni XVS650. Marekani iliuzwa tangu 1998 hadi 2016 bila mabadiliko makubwa. Ina sura mbili: Custom, nyembamba kwa mbele, na Classic, iliyojaa mabati na yenye tairi nene. Silverado ni Classic hiyohiyo iliyovishwa kioo cha upepo, mifuko ya pembeni na egemeo la abiria.

Kwa Suzuki, Intruder Volusia ya 2001 hadi 2004 ndiyo iliyobatizwa Boulevard C50 mwaka 2005. Ile 50 ni inchi za ujazo, kwa kuwa cc 805 ni kama inchi 49. C50T ina kioo na mifuko. M50 ina injini hiyohiyo kwenye umbo la kimichezo zaidi. Mtego uko kwenye S50: hii haina undugu wa karibu na C50. Ni Intruder 800 ya zamani, VS800, iliyobadilishwa jina tu, na ilibaki na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, wakati wenzake wawili wana injekta, pua inayonyunyiza petroli kwa kuongozwa na kompyuta.

Kawasaki ilitoa Vulcan 900 Classic mwaka 2006, Custom ikafuata 2007. Classic LT ni ile ya safari, yenye kioo na mifuko.

Honda ndiyo inayohitaji utulivu. Shadow 750 ACE, iliyouzwa hadi 2003, ina mnyororo. Aero iliyoipokea mwaka 2004 ina shafti. Shadow Spirit 750 ya miaka ya mwanzo ya 2000, yenye nambari VT750DC, ina mnyororo. Mwaka 2007 jina la Spirit likahamia kwenye pikipiki nyingine kabisa, VT750C2, yenye shafti na gurudumu la mbele la inchi 21. Kwa hiyo mtu akikuambia "nauza Spirit 750", hujaambiwa kitu bado. Omba picha ya kibao cha nambari ya fremu na ya kadi ya umiliki, usome nambari ya modeli. Maandishi ya kwenye tangi ni pambo.

Mnyororo, shafti, mkanda

Mnyororo unataka mkono wako kila mara: kuusafisha na kuupaka mafuta yake kila kilomita 800 hadi 1,000, na tena ukinyeshewa, halafu kuukaza unapolegea. Faida yake ni kwamba hauna siri. Fundi yeyote wa bodaboda anaufahamu, na unabadilishwa pamoja na sproketi zake bila kufungua nusu ya pikipiki. Kuupima kabla ya kununua ni kazi ya sekunde kumi: shika pingili iliyoko nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea kwako. Ikikaa palepale, mnyororo bado una maisha. Ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino chini yake, toa bei ya mnyororo na sproketi mbili kwenye bei uliyotajiwa. Angalia pia kama meno yamelalia upande mmoja kama mawimbi.

Shafti inasifiwa kwamba haina matengenezo, na sifa hiyo ndiyo inayoiua. Oili ya gia iliyo kwenye nyumba ya difu, yaani gia za nyuma, pale kwenye gurudumu ni kidogo, haifiki hata robo lita, na kuibadilisha ni kufungua nati mbili. Wengi hukumbuka hilo. Kinachosahaulika ni meno yanayounganisha gurudumu na difu. Meno haya hukaa yakisuguana kidogo kidogo muda wote, na yanatakiwa yapakwe grisi nzito yenye molibdenamu kila gurudumu linapotolewa kubadilishwa tairi. Duka la matairi lenye haraka linavua gurudumu, linavisha tairi jipya, linarudisha gurudumu kavu. Baada ya tairi mbili za namna hiyo, grisi ya kiwandani imegeuka vumbi jekundu la kutu, meno yamechongoka kama msumeno, na siku moja unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Kitovu cha gurudumu na kipande cha difu vikinunuliwa vipya vinaweza kukaribia bei ya pikipiki ya mtumba iliyochoka.

Basi ukiangalia Aero, Phantom, V-Star 650 au C50, muulize muuzaji swali moja tu: tairi la nyuma lilibadilishwa lini, na nani alipaka grisi? Akishangaa swali, umepata jibu. Weka pikipiki gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Mchezo mdogo upo kila mara. Ukisikia mlio mkali wa chuma kwa chuma palepale kwenye difu, usinunue kabla gurudumu halijatolewa.

Vulcan 900 inatumia mkanda. Ni kimya, hautaki oili wala grisi, na kwenye lami unadumu miaka mingi. Adui yake ni jiwe. Kokoto ikiingia kati ya mkanda na puli inatoboa mkanda kutoka ndani, na tundu hilo hukua. Geuza gurudumu polepole ukiukagua mkanda mzima, ukitafuta nyufa kwenye mizizi ya meno, nyuzi zilizochomoza na vitundu. Mkanda hauna kiungo cha kufungulia kama mnyororo, kwa hiyo kuubadilisha ni kung'oa sehemu ya nyuma ya pikipiki, mkono wa gurudumu ukiwemo. Kwa anayeishi barabara kuu za Texas hiyo si hoja. Kwa anayetaka kuipeleka pikipiki nyumbani akaiendeshe kwenye murram, ni hoja kubwa kuliko cc zote 903.

Kabureta na injekta

Vulcan 900 ina injekta tangu siku ya kwanza. C50 ina injekta tangu 2005, Volusia kabla yake ina kabureta. V-Star 650 ilizaliwa na kabureta mbili na ikafa nazo 2016. Honda ilitangulia kuweka injekta kwenye Shadow za Ulaya, mwaka 2007, lakini Marekani Aero ilikuwa ya kabureta hadi 2009. RS na Phantom zilikuja na injekta 2010, na Aero iliporudi sokoni 2011 nayo ilikuwa nayo.

Kabureta yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kulala. Petroli ya kawaida ya Marekani ina ethanoli kama asilimia 10, na pikipiki ya Minnesota huegeshwa tangu theluji inapoanza hadi majira ya kuchipua. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inayeyukia hewani na kuacha utando wa njano unaonata, nao huziba kwanza jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo kuliko zote, ile inayolisha injini ikiwa haijavutwa mafuta. Dalili zake ni za kudumu: inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, lakini ukivuta mafuta sana inakimbia vizuri kabisa. Muuzaji atasema "inataka kupashwa moto kidogo". Inataka kabureta zitolewe, jeti zizibuliwe, kisha kabureta mbili zisawazishwe kwa geji ya mvuto ili silinda zote zivute sawa. Ni kazi ya siku nzima kwa asiyeizoea.

V-Star 650 ina tabia moja inayowatisha wanunuzi: ukiachia mafuta kwa ghafla inapasua milio midogo kwenye eksozi. Kuna mfumo unaoingiza hewa safi kwenye eksozi ili kupunguza moshi, na hewa hiyo ndiyo inayochoma mabaki ya petroli. Milio midogo ni kawaida yake. Milio mikubwa kama ya bunduki ni habari nyingine. Tafuta gasketi ya eksozi iliyovuja au mpira wa kabureta uliopasuka.

Mwinuko nao una lake. Kabureta iliyosetiwa Mombasa ikipanda Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, inakuta hewa nyepesi na kumwaga petroli kupita kiasi: nguvu inapungua, plagi zinakuwa nyeusi. Injekta hujirekebisha yenyewe.

Kwenye kupoza, Yamaha inategemea upepo. Honda, Suzuki na Kawasaki zina rejeta iliyofichwa mbele ya fremu, na yale mapezi mazuri kwenye silinda zake mengi ni urembo. Foleni ya mchana wa joto utaifahamu tofauti hiyo kwa mapaja yako.

Gurudumu la mbele na mwili wako

V-Star Custom ina tairi la mbele la 100/90-19, Classic ina 130/90-16. Vulcan Custom ina jembamba la 80/90-21, Classic ina 130/90-16. Injini haina tofauti, ila ukikaa unadhani ni za viwanda viwili. Gurudumu refu na jembamba linaingia kona kwa wepesi ukiwa mwendoni, lakini kwenye maegesho usukani unataka kuanguka upande. Tairi nene la inchi 16 linatulia na kumeza mashimo vizuri zaidi, na linakuja na mabati yake, uzito wake, na kwenye Classic hizi vibao vya kukanyagia vinavyosugua lami mapema ukiilaza pikipiki.

Tairi la nyuma kwenye nyingi ya pikipiki hizi ni la inchi 15: 170/80 kwa V-Star, 160/80 kwa Aero na Phantom, 180/70 kwa Vulcan. Ukubwa huu huupati kwenye kibanda cha matairi ya bodaboda, utaagiza. Na rimu ya spoki za kawaida ina tyubu ndani. Ikitoboka njiani, ule utambi wa kuziba tairi la tyubulesi haukusaidii, gurudumu linatoka. Rimu ya kumiminwa, kama ya M50, inakuepushia hilo.

Uzito unahitaji kulinganishwa na kitu unachokijua. Boxer ya 150 haifiki kilo 130. V-Star Custom ikiwa na mafuta ni kama kilo 233, Classic 247, Phantom karibu 250, C50 karibu 277, Vulcan Classic karibu 281. Kiti cha chini kinauficha uzito huo hadi siku utakapoegesha pua ikiangalia mteremko na kulazimika kuirudisha nyuma kwa miguu. Kwa hiyo usiishie kukaa tu. Inyanyue kutoka kwenye stendi, isukume nyuma mita tano, kisha ukate usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mkono ulio upande wa mbali bado unashika klachi au breki vizuri? Kama unavutwa bega, usukani huo haukukufaa, au utalipia mwingine.

Kaa dakika 20, si mbili. Miguu ikiwa mbele huwezi kujiinua kidogo kupita tuta, kwa hiyo kila tuta linaishia kwenye kiuno. Watu wa miguu mifupi mara nyingi hupata nafuu kwenye Aero kuliko kwenye Vulcan Custom, ambayo vikanyagio vyake viko mbali.

Kuhusu nguvu, ukweli mfupi: V-Star 650 ina kama farasi 40. Mtu mmoja, mjini na barabara za mikoani, inatosha na kubaki. Mwendo wa maili 75 kwa saa na abiria nyuma, imefika ukingoni na inakuambia kwa mtetemo. C50 na Shadow zinavumilia zaidi, Vulcan 900 haisumbuki. Gia ni tano kwenye zote nne.

Breki ya nyuma ya C50, V-Star na Shadow nyingi ni ya drami. Si kasoro, kwenye kruza uzito mwingi uko nyuma na drami inashika. Vulcan ina diski.

Mtego wa Japani

Anayeagiza mtumba kutoka Japani kupitia Mombasa au Dar es Salaam atakutana na Drag Star 400, Shadow 400, Intruder Classic 400 na Vulcan 400. Leseni ya pikipiki ya daraja la kati ya Japani inaishia cc 400, ndiyo maana viwanda vilivalisha injini ndogo umbo la kaka zake. Mwili ni uleule kwa macho, na uzito haujapungua sana. Nguvu iliyo chini sana ya ile ya Vulcan 900 inakokota pikipiki yenye mwili wa mtu mzima. Kwa mizunguko ya mjini haina ubaya wowote, mradi ujue ni 400 unayoilipia.

Siku ya kwenda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na silinda. Ikiwa na joto, kuna tabia ya kuwaka ikiwa baridi ambayo hakutaka uione. Omba irudiwe siku nyingine, au jihesabu umeshaonywa.

Beba kipima umeme. Betri iliyotulia inapaswa kusoma volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiwa imewaka na imevutwa kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, chaji haiendi: inaweza kuwa plagi ya waya iliyoungua, reguleta au koili za chaji, na bei za hayo matatu hazikaribiani.

Soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kruza za mitumba huwa na kilomita chache na matairi ya zamani, na meno ya tairi yaliyobaki marefu yanadanganya. Mpira wa miaka kumi umekuwa mgumu na haushiki lami yenye maji. Pitisha kidole kwenye bomba za shokapu za mbele: ukitoka na oili, sili zimekwisha. Msaidizi akiinua gurudumu la mbele hewani, zungusha usukani polepole. Ukikwama kidogo pale katikati kama unaingia kwenye kibonde, beringi za shingo zimeliwa.

Kuanguka hakufichiki. Angalia ncha za wenzo wa klachi na breki, ncha za vikanyagio, na kisha vile vizuizi vidogo vya usukani kwenye shingo ya fremu. Kizuizi kilichopinda au kupasuka rangi kinasema usukani uligongwa kwa nguvu hadi mwisho, hata kama tangi ni jipya na linang'aa. Kizuizi safi na tangi lenye kibonde kidogo ni pikipiki iliyoanguka gereji.

Ulinganishe nambari ya shingo na hati ya umiliki, herufi kwa herufi. Ukiwa Marekani, ukurasa wa NICB, shirika la bima la kupambana na wizi na udanganyifu, unaangalia bure kama nambari hiyo imeripotiwa kuibwa au kufutwa na bima, na ule wa NHTSA, mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, unaonyesha kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa.

Valvu usizisahau kwenye mazungumzo ya bei. Kwenye Shadow tapeti ni za skrubu na nati, zinapimwa kwa fila (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi: milimita 0.15 za kuingiza, 0.20 za kutolea. Fundi mzuri anamaliza nusu siku. Mlio mdogo wa tiki-tiki haudhuru. Tapeti iliyobana isiyotoa mlio wowote ndiyo inayounguza valvu.

Mwendeshaji anayeanza, anayeendesha peke yake karibu na nyumbani, apewe V-Star Custom yenye kabureta safi. Anayetaka kuwasha na kwenda achukue Aero ya 2011 au zaidi, au Phantom. Wa kubeba mwenzi safari ndefu kwenye lami, Vulcan 900, na asipoipata basi C50. Pikipiki mbili za bei moja zikimshinda kuamua, achukue ile ambayo mwenyewe ana risiti ya tairi la nyuma yenye mstari wa grisi ya difu, hata kama rangi yake si aliyoitaka.